Wikendi ziwani na watoto: Usalama huanza kabla tanga halijapandishwa

Je, mtoto wa miaka minane anaweza kushika usukani wa mashua ya tanga katikati ya ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 60, huku mama yake amekaa mbele akimenya machungwa?

Kwa mzazi wa Mwanza, Musoma, Bukoba au Kisumu, jibu la haraka ni hapana. Na ana sababu. Ajali ya MV Bukoba ya Mei 21, 1996 na ile ya MV Nyerere ya Septemba 20, 2018 bado hutajwa kwa sauti ya chini katika familia nyingi za Kanda ya Ziwa. Mtu aliyewahi kusimama ufukweni akisubiri taarifa za ndugu yake hahitaji kuhubiriwa kuhusu hatari ya maji.

Hata hivyo, kaskazini-magharibi mwa England kuna eneo la milima na maziwa liitwalo Lake District, na huko jambo hilo ni la kawaida. Inapofika Aprili hadi Oktoba, familia huvuta mashua zao ndogo nyuma ya magari, hukutana kando ya maziwa kama Ullswater, Windermere na Coniston, husafiri pamoja kwa tanga, hupiga kambi na kurudi nyumbani Jumapili jioni. Watoto huwa wamechoka, wana njaa, na wana mengi ya kusimulia shuleni Jumatatu.

Familia nyingi za Afrika Mashariki hazina mashua ya kutembelea wikendi, na huenda hazitakuwa nayo. Lakini watoto wao wanapanda mitumbwi na vivuko, wanachota maji ziwani na wanaoga ufukweni. Mazoea ambayo wazazi wa Ullswater wamewajengea watoto wao yanaweza kufanyika popote penye maji, na mengi yake hayahitaji fedha.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Hapa kinachoundwa ni zaidi ya chombo.

Mikusanyiko hiyo ikoje

Mashua zenyewe ni ndogo, nyingi zikiwa na urefu wa kati ya mita tatu na tano. Hazina sitaha wala chumba cha kulala. Zina tanga moja au mawili, makasia, na ubao katikati unaoshushwa majini ili upepo usizisukume kiubavu. Waingereza huziita dinghy, jina walilolichukua kutoka lugha za India. Kijana wa Dar es Salaam au Nairobi akilisikia, huenda akadhani anaitwa baba yake.

Wapo wanaozitumia kwa mashindano, na wapo wanaozitumia kutembea tu. Hawa wa kutembea wana chama chao, Dinghy Cruising Association, kilichoanzishwa mwaka 1955. Wanachama hupanga mikutano ya wikendi kwenye maziwa, mito na pwani. Hakuna kombe wala mshindi. Kinachotangazwa ni tarehe, mahali pa kukutania na mahali panapotarajiwa kufikiwa.

Kanuni moja hurudiwa kila mara: kila nahodha anawajibika kwa chombo chake na watu wake. Anayeitisha mkusanyiko hageuki kuwa mlinzi wa wote. Akisema "tunaondoka", mzazi bado ana haki, na wajibu, wa kusema "sisi hatuondoki leo".

Siku huanza polepole. Watu hufika, hushusha mashua, husimamisha milingoti na kufunga kamba. Kisha hukusanyika na chai mkononi kuzungumzia utabiri wa hali ya hewa, upepo unatoka wapi, na ni wapi watakimbilia ukizidi. Watoto husimama hapo hapo wakisikiliza.

Mwendo hauna haraka. Ullswater lina urefu wa takriban kilomita 12 na boti za injini haziruhusiwi kuzidi maili 10 kwa saa, sawa na kilomita 16. Windermere, ziwa kubwa kuliko yote England, nalo limewekewa ukomo wa noti 10 tangu mwaka 2005. Kwa mashua ndogo yenye watoto, kutokuwapo kwa boti za kasi zinazopandisha mawimbi ni sehemu kubwa ya usalama.

Usiku, wengi hulala kwenye mahema kando ya maji. Mahali panaporuhusiwa, wengine hutandika turubai juu ya mashua na kulala humo humo.

Si kila kitu ni raha. Lake District ndilo eneo lenye mvua nyingi kuliko yote England. Kijiji chake cha Seathwaite hupata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka, karibu mara tatu ya Mwanza. Kuna wikendi ambazo familia hushinda ndani ya hema ikicheza karata na kukausha soksi.

Mashua za watu wa kawaida

Zamani kutembea kwa tanga kwa ajili ya burudani ulikuwa mchezo wa wenye mali. Mambo yalibadilika baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mbao za plywood na gundi isiyoyeyuka majini zilipopatikana kwa wingi.

Mwaka 1957 mbunifu Ian Proctor alichora Wayfarer, mashua ya karibu mita 4.8 inayoweza kubeba familia pamoja na hema na vyakula. Miaka michache baadaye, Jack Holt na mtangazaji wa vipindi vya ufundi wa nyumbani Barry Bucknell walibuni Mirror, ya mita 3.3, kwa udhamini wa gazeti la Daily Mirror. Iliuzwa ikiwa vipande vilivyokwisha kukatwa. Mnunuzi aliviunganisha kwa waya wa shaba na gundi, hata kwenye gereji ya nyumbani. Zaidi ya Mirror 70,000 zimetengenezwa.

Kwa watoto peke yao kuna Optimist, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947 na Clark Mills. Ina urefu wa mita 2.3 hivi na leo hutumika kufundishia watoto katika nchi nyingi duniani.

Kulikuwa pia na mashujaa. Mwaka 1963 Mwingereza Frank Dye na mwenzake mmoja walitoka Scotland hadi Iceland kwa Wayfarer, chombo kisicho na paa. Mwaka uliofuata alielekea Norway, akakumbana na dhoruba iliyovunja mlingoti na kuipindua mashua mara kadhaa. Alifika salama, lakini safari za namna hiyo ni tofauti kabisa na hizi za familia. Wazazi wa Ullswater hupimwa kwa jambo dogo zaidi: kama watoto wote wamerudi wakiwa wakavu, au wameloa kwa kupenda.

Jaketi kwanza, mashua baadaye

Mwaka 1930 mwandishi Arthur Ransome alichapisha riwaya ya Swallows and Amazons, hadithi ya ndugu wanne wanaosafiri kwa tanga na kupiga kambi kisiwani bila mtu mzima, kwenye ziwa alilolibuni kutokana na Windermere na Coniston. Kitabu hicho kimewavuta watoto wengi wa Kiingereza kwenye maji. Lakini msomaji wa leo hukutana na jambo linaloshtua: watoto wale hawavai jaketi la kuokoa maisha.

Kwenye mikusanyiko ya sasa, hilo halijadiliwi. Mtoto huvaa jaketi kabla hajafika kwenye maji, si baada ya kupanda. Sababu ni kwamba watoto wengi hutumbukia wakiwa gatini au wakipanda na kushuka, wazazi wakiwa wameshika mizigo. Na wazazi nao huvaa. Mtoto akimwona baba hana jaketi, atahesabu siku za kulivua lake.

Kuna aina mbili zinazochanganywa mara nyingi. Ya kwanza ni ya kusaidia kuelea, yenye nguvu ya nyutoni 50. Inamfaa anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada, lakini haiwezi kumgeuza mtu aliyepoteza fahamu. Ya pili ni jaketi kamili, kuanzia nyutoni 100, lenye kola ya kuinua kichwa, linalotengenezwa ili kumgeuza mtu uso uangalie juu. Mtoto mdogo au asiyejua kuogelea anahitaji hili la pili.

Ukubwa wake huangaliwa kwa uzito wa mtoto, unaoandikwa kwenye lebo. Kumnunulia kubwa "atakue nalo", kama sare ya shule, ni hatari: akianguka majini, mwili hushuka na jaketi hubaki juu likiziba uso.

Kipimo ni rahisi. Mfunge mtoto vifungo vyote, ukiwamo mkanda unaopita katikati ya miguu. Kisha shika jaketi mabegani, uliinue. Likipanda hadi kidevuni au masikioni, halimfai.

Kupinduka kama somo

Jambo linaloweza kumshangaza zaidi mgeni ni kuona mzazi akiipindua mashua makusudi, watoto wakiwa ndani, mita chache kutoka ufukweni.

Mashua za aina hii zinaweza kupinduka, na kila anayezitumia anajua hivyo. Lakini nyingi zina vyumba vya hewa vilivyozibwa, hivyo hulala ubavu bila kuzama. Mtoto aliyepinduka mara tano kwenye maji ya kifuani, katika siku tulivu na mzazi akiwa pembeni, hatashtuka kwa kiwango kile kile itakapotokea bila kupangwa.

Mafunzo hufuata hatua. Kwanza, kila mtu huita jina lake au namba yake, ili ijulikane kama kuna aliyebaki chini ya tanga. Pili, kila mtu hushika mashua. Tatu, mmoja huzunguka hadi upande wa chini, hupanda juu ya ule ubao wa katikati na kuvuta kwa uzito wake, huku mwenzake amejilaza majini sambamba na sehemu ya kukaa. Mashua inapoinuka, humzoa na kumwingiza ndani. Yeye humsaidia wa kwanza kupanda, kisha wote huchota maji kwa ndoo.

Somo linalorudiwa kuliko yote ni hili: usiiache mashua. Ufukwe huonekana karibu kuliko ulivyo, na kichwa cha mwogeleaji hakionekani kwa urahisi kwenye mawimbi. Chombo kilichopinduka ni kikubwa, kinaelea na waokoaji watakiona kwanza.

Ushauri huo unafaa pia kwenye mtumbwi wa mbao. Hata ukijaa maji, kwa kawaida mbao haziendi chini, na kushikilia ubavu wake ni salama kuliko kuanza kuogelea kuelekea nchi kavu.

Maji baridi yanavyoua haraka

Katika maziwa ya England, adui wa kwanza ni baridi. Mwezi Aprili maji ya Windermere huwa chini ya nyuzi joto 10, hata jua likiwaka.

Mtu akitumbukia ghafla kwenye maji ya chini ya nyuzi 15, mwili hushtuka. Huvuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, hupumua haraka haraka na moyo hudunda mbio. Pumzi hiyo ya kwanza ikivutwa kichwa kikiwa chini ya maji, anaweza kufa maji ndani ya dakika moja, hata kama ni mwogeleaji hodari.

Daktari Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba nchini Canada amelifupisha suala hili kwa namba tatu rahisi kukumbuka: moja, 10, moja. Kwenye maji ya baridi kali una takriban dakika moja ya kutuliza pumzi, dakika 10 za mikono na miguu kufanya kazi yenye maana, na saa moja kabla ya kupoteza fahamu kwa sababu ya mwili kupoa. Jaketi ndilo linalokuvusha kutoka namba moja hadi nyingine.

Taasisi ya waokoaji ya RNLI, iliyoanzishwa mwaka 1824, hufundisha umma wa Uingereza jambo moja: elea kwanza. Laza kichwa nyuma hadi masikio yaingie majini, tulia, chezesha mikono taratibu na subiri pumzi irudi. Miguu ikishuka, iache. Baada ya hapo ndipo uite msaada au uanze kuogelea.

Ziwa Victoria lina joto, mara nyingi zaidi ya nyuzi 23, kwa hiyo mshtuko wa baridi si tishio kubwa. Lakini hofu nayo huharibu pumzi. Mtoto anayejua kulala chali na kuelea kwa dakika mbili ana nafasi ambayo mwenzake anayepiga maji kwa mikono hana.

Kugeuza chombo bila aibu

Ufundi mkubwa kwenye mikusanyiko hii ni kuacha safari.

Watoto hufundishwa kusoma maji kabla ya kufundishwa kukaza kamba. Mawimbi yanapoanza kuwa na vilele vyeupe vya povu hapa na pale, upepo una mwendo wa kilomita 12 hadi 19 kwa saa. Povu likitapakaa kila mahali, umefika kati ya kilomita 20 na 28, na kwa mashua ndogo yenye watoto huo ni wakati wa kupunguza tanga au kurudi.

Kupunguza tanga ni kulishusha kidogo, kulikunja sehemu ya chini na kulifunga, ili upepo upate eneo dogo la kusukuma. Wenye uzoefu hulipunguza wakiwa bado ufukweni. Kuliongeza baadaye ni kazi ya dakika chache, lakini kulipunguza katikati ya ziwa, mtoto akilia na mashua ikiyumba, ni shughuli nyingine.

Kwenye kundi, mara nyingi kuna mashua moja inayosema imetosha na kugeuza. Wengine huipungia mkono na kukubaliana watakutana kambini kwa njia ya barabara. Hakuna mzaha, na watoto huona hivyo. Huko mbele, kijana atakayekuwa kwenye mtumbwi uliojaa kupita kiasi, au kwenye gari la dereva mlevi, atahitaji ujasiri huo huo wa kusema "mimi nashuka".

Kuna pia kazi za kugawana. Mtoto mmoja huangalia upepo, mwingine hutunza ndoo ya kuchotea maji, mwingine huhesabu mashua za wenzao kila baada ya muda. Mtoto mwenye kazi hukaa mahali pake na hachoki haraka.

Ziwa Victoria si Ullswater

Mazoea haya hayahamishwi yote kama yalivyo. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800. Kina chake cha juu, takriban mita 80, hakipishani sana na kile cha maziwa yale madogo ya England, lakini upana wake huruhusu mawimbi kukua kama ya baharini.

Hali ya hewa nayo ina tabia yake. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda ufukweni. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, ziwa hubaki na joto, upepo huingia ziwani kutoka pande zote, hukutana, hewa hupanda na mawingu ya radi huzaliwa. Ndiyo maana dhoruba nyingi kali za ziwa hilo hutokea usiku na alfajiri, wakati wavuvi wa dagaa wako kazini. Safari yenye watoto haina sababu ya kufanyika saa hizo.

Utabiri unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), na mamlaka za nchi jirani, sasa hufika hadi kwenye simu. Kuusoma kabla ya kuondoka huchukua dakika mbili.

Kisha kuna kichocho, ambacho mzazi wa Ullswater hana haja ya kukifikiria. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye maji ya kando yenye majani, na huingia mwilini kupitia ngozi. Kujifuta haraka kwa taulo hakutoshi kuvizuia. Mtoto aliyecheza ziwani na baadaye akaumwa tumbo mara kwa mara au kutoa damu kwenye haja kubwa au ndogo, apelekwe kituo cha afya na mhudumu aelezwe kuhusu ziwa. Dawa ya praziquantel inatibu.

Jambo moja linafanana pande zote mbili. Windermere hupata mwani wa rangi ya kijani na buluu unaotoa sumu wakati wa joto, na sehemu za Ziwa Victoria, hasa ghuba zenye uchafu, hupata pia. Maji yakionekana kama rangi ya kijani iliyomwagika, mtoto asiingie wala asiyanywe.

Na kuna viboko na mamba. Ukiuliza wavuvi wa eneo husika, watakuambia ni pembe gani ya kuepuka. Waulize kabla ya kumruhusu mtoto kuingia majini.

Mzazi afanye nini

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliyotolewa Desemba 2024 inaonyesha kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Zaidi ya vifo tisa kati ya kila 10 hutokea kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Wengi wa waliokufa hawakuwa matembezini. Walikuwa katika shughuli za kila siku karibu na maji.

Klabu za mashua zipo Mwanza, Kisumu na Entebbe, na mzazi mwenye uwezo anaweza kuuliza kama zina mafunzo ya watoto. Kwa wengine wote, mambo haya yanatosha kuanzia:

1. Kabla ya kupanda chombo chochote, uliza jaketi la mtoto liko wapi. Lifunge mwenyewe na ulipime mabegani. Kama halipo, subiri chombo kingine.

2. Hesabu abiria. Kama ubavu wa mtumbwi umekaribia usawa wa maji hata kabla ya kuondoka, shuka.

3. Mfundishe mtoto kuelea chali kabla ya kumfundisha kuogelea. Anza kwenye bwawa safi la kuogelea au maji ya kiunoni, mkono wako ukiwa chini ya mgongo wake.

4. Mwambie akiona mwenzake anazama asimfuate. Apige kelele, amnyooshee mti mrefu, au amrushie dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko. Dumu hilo lina uwezo wa kumfanya mtu aelee akilishikilia.

5. Mtu mzima mmoja awe mwangalizi wa watoto walio majini, bila simu mkononi. Akichoka, akabidhi zamu kwa kumtaja mwenzake kwa jina. "Tulidhani wewe unaangalia" ni sentensi inayosikika misibani.

6. Mpe kila mtoto filimbi iliyofungwa kwenye jaketi. Sauti ya filimbi husafiri mbali kuliko ya mtoto aliyechoka.

7. Beba maji ya kunywa, kofia na nguo za mikono mirefu. Jua huakisiwa na maji, na mtoto huungua hata siku ya mawingu.

8. Mwache mtu nchi kavu anayejua mmeelekea wapi na mtarudi saa ngapi, na nani wa kumpigia kama hamjarudi.

Julai 25 kila mwaka ni siku ya kimataifa ya kuzuia vifo vya kufa maji, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2021. Shule nyingi za kandokando ya ziwa zina kamati za wazazi ambazo hukutana kuzungumzia chakula na madawati. Ajenda ya nani atawafundisha watoto kuelea, wapi, na kwa jaketi zipi, inaweza kuingizwa kwenye kikao kijacho.